Nani anaielekeza mirija ya pumzi ya mdudu, na mbona Branchless ndo inaleta matawi?

Swali limetoka kwa kijana wa fom siksi, yuko Ngamiani hapa hapa Tanga, naliweka kama alivyoandika, nimelifupisha tu kidogo: "Shikamoo mama. Juzi kwenye praktiko tulipasua mende, tulipomfungua nikaona nyuzi nyuzi nyeupe zinang'aa kama fedha zimesambaa kila mahali, ticha akasema hizo ndo trakea. Nikajiuliza nani kaziambia zipite wapi wakati mende bado yumo kwenye yai. Nikasoma nikakuta kuna protini inaitwa Branchless ndo inafanya matawi yatokee, nikachanganyikiwa zaidi maana Branchless si ni 'bila matawi'? Halafu rafiki yangu anasema tawi linarefuka kwa sababu seli zinagawanyika, ni kweli?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja, mie ntaanza na hilo la jina maana likishakaa sawa mengine yanajifuata.

Sisi tunaofanya kazi na inzi tuna tabia moja mbovu, jeni tunaipa jina kwa kile kinachoharibika ikikosekana, sio kwa kazi inayofanya. Chukulia mtu hajui gari kabisa, ananyofoa kidude kimoja, anawasha, anaona taa za mbele hazifanyi kazi, basi kile kidude anakiandika "taa haziwaki" anaweka kwenye boksi anaenda kunyofoa kingine. Ukija wewe kesho ukasoma jina bila kujua hiyo historia utadhani kazi ya kile kidude ni kuzima taa, kumbe ndo kilikuwa kinaziwasha! Sasa ndo hivyo hivyo. Branchless ni jeni ambayo inzi akiikosa anabaki hana matawi ya trakea, kwa hiyo kazi yake halisi ni kuleta matawi. Kuna Breathless, "bila pumzi", nayo ukiiondoa mirija haisambai. Kuna Trachealess, hiyo ukiiondoa hata vifuko vya mwanzo vya trakea havitokei. Na kuna moja naipenda sana inaitwa Sprouty, hiyo ukiiondoa matawi yanachipua kupita kiasi, kwa hiyo kazi yake ni breki. Ukiona jina la jeni ya inzi kwenye mtihani ligeuze kichwa chini kwanza ndo ulielewe.

Kabla sijaendelea niseme kitu, haya ntakayokueleza yamechimbwa kwa inzi wa matunda, Drosophila, hawa wadogo wadogo wanaokuja ukiacha ndizi mbivu jikoni siku mbili, sio kwa mende. Mende hajafanyiwa kazi kiasi hicho. Inzi ni rahisi, unampikia uji wa unga wa mahindi na hamira anazaa mpaka unachoka, na yai lake lina urefu wa kama nusu milimita tu, unalisafisha ganda la nje kwa jiki iliyopunguzwa na maji (ndio, jiki hii hii ya kufulia) unabaki na kiinitete kinachoonekana vizuri kabisa kwenye hadubini. Na kabla ya siku moja kuisha funza katoka. Yaani kazi yote hiyo ya kusuka mtandao wa hewa unaweza kuitazama ikifanyika mchana mmoja.

Haya, sasa tuingie kwenye yai. Masaa matano hivi baada ya kutagwa, kwenye ngozi ya kiinitete vinatokea viraka kumi kila upande, jumla ishirini, kila kimoja kina seli kama themanini. Hivi viraka ndo vimeshateuliwa kuwa trakea na Trachealess ndo mmoja wa walioteua. Halafu kila kiraka kinazama ndani kama unga wa maandazi unapoubonyeza na kidole gumba, kinakuwa kifuko. Kwa hiyo una vifuko ishirini vimejipanga ubavuni, havijaungana bado, havina tawi hata moja. Na hapa ndo rafiki yako anapigwa na butwaa, kuanzia hapo mpaka funza anatoka kwenye yai seli za trakea HAZIGAWANYIKI TENA. Hamna. Seli themanini zilizoingia kwenye kifuko ndo hizo hizo themanini zitatengeneza matawi yote ya kile kipande.

Sasa utaniuliza tawi linarefukaje kama seli haziongezeki. Umewahi kuona watoto wa madrasa wanatolewa kwenda kwenye maulidi wamepangwa wawili wawili, wakifika kwenye kichochoro chembamba ustadhi anawaambia wapite mmoja mmoja, foleni inakuwa ndefu mara mbili na hajaongezeka mtoto hata mmoja? Basi ndo hicho. Seli zilikuwa zimekaa bega kwa bega kuzunguka mrija, zinateleza zinakaa moja nyuma ya nyingine, na kila moja inajikunja yenyewe kama mkeka unavyoviringishwa, ukingo wake wa kulia unakutana na ukingo wake wa kushoto, katikati panabaki uwazi wa kupita hewa. Mrija unakuwa mwembamba na mrefu. Kwa hiyo mwambie rafiki yako amejibu la mapafu ya panya sio la inzi, ntarudi huko.

Swali lako la msingi sasa, nani anazielekeza. Watu wengi wanafikiri kwenye DNA kuna ramani, kama ramani ya nyumba, tawi hili lipite hapa lile lipite pale. Hamna ramani. Kuna harufu.

Mfano wa kwetu, tuseme uko pale karibu na Deep Sea jioni, mtu anakaanga samaki, wewe humuoni lakini pua inakupeleka, ukigeuka kushoto harufu inapungua unarudi kulia inazidi, mwisho unamfikia. Protini ya Branchless ndo hiyo harufu. Inatolewa na vikundi vidogo vya seli ambavyo WALA sio trakea, ni seli za jirani zilizokaa nje ya kifuko, kikundi kimoja juu, kingine chini, kingine mbele, kingine nyuma, na kila penye kikundi ndo panapochomoza tawi. Breathless sasa ndo pua. Ni kipokezi kilichokaa kwenye utando wa seli za trakea, na Branchless ikikigusa kinawasha mlolongo wa taarifa ndani ya seli mpaka seli inaota vidole vyembamba upande ule harufu inakotoka na kuanza kutambaa. Pua ilijulikana kwanza, mwaka 1991 kule kwenye maabara ya Benny Shilo Israeli, harufu yenyewe ikaja kutambulika 1996 na kina Mark Krasnow wa Stanford. Miaka mitano hapo katikati watu wana pua mkononi hawajui inanusa nini!

Na jinsi walivyothibitisha ni jambo la kukaa nalo kidogo, maana mtihani unaweza kukuuliza "unajuaje". Kuona protini ipo mahali tawi linapokwenda haitoshi, labda ipo ipo tu. Kwa hiyo walifanya pande zote. Wakaiondoa, vifuko vikatokea vizuri ila vikabaki vifuko, matawi hakuna. Halafu wakaiwasha mahali ambapo kawaida haiwaki, na matawi yakageuka yakaenda huko huko pasipostahili. Na ukiiwasha kila mahali kwa mpigo? Hapo seli zinachanganyikiwa, ni kama mtaa mzima wamekaanga samaki siku moja, utakwenda kwa nani? Matawi ya mwanzo yanashindwa kutoka inavyotakiwa. Kwa hiyo siyo tu harufu iwepo, iwepo sehemu moja na sehemu nyingine isiwepo.

Kitu kingine ambacho mie kila nikikifundisha nacheka mwenyewe: tawi likishafika, zile seli zilizokuwa zinatoa Branchless zinanyamaza. Zinazima. Kazi imeisha. Tanga tunaambiwa waja leo waondoka leo, basi hawa ndo wenyewe hasa, muuza samaki mteja wa kwanza akifika anafunga jiko, na mbele kidogo mwingine anawasha la kwake, tawi linaendelea na safari. Ndo maana unaona mrija unakwenda unakata kona unakwenda tena, kona hizo hazikuandikwa popote, ni alama za majiko yaliyozimwa. Na sehemu nyingine harufu peke yake haitoshi, kuna seli moja ya mesodami, yaani tabaka la katikati la kiinitete, inajinyoosha kati ya kifuko na kifuko ikawa kama daraja, trakea inatambaa juu yake kumfikia jirani.

Sasa ndani ya tawi lenyewe kuna siasa. Tuseme seli sita zinakwenda juu mgongoni, zote zina pua, zote zinasikia harufu, mbona haziendi zote kama kundi la mbuzi? Kwa sababu zinashindana. Seli ambayo imewashwa zaidi kidogo na Branchless inatoa protini inaitwa Delta juu ya uso wake, Delta inamgusa jirani kwenye kipokezi chake kinachoitwa Notch, na Notch ikiguswa inamwambia jirani "weye tulia, fuata nyuma". Jirani akitulia anatoa Delta kidogo, kwa hiyo hamzuii yule wa mbele, wa mbele anazidi kuwa wa mbele. Tofauti ndogo sana ya mwanzo inakuzwa mpaka inakuwa tofauti kubwa, mmoja kiongozi wengine wafuasi. Amin Ghabrial na Krasnow mwaka 2006 walionyesha hili kwa ujanja, walitengeneza tawi lenye seli mchanganyiko, nyingine zina pua nzima nyingine hazina, na zile zisizo na pua hazikukaa mbele kamwe. Lakini, na hapa ndo penye utamu, ziliweza kabisa kukaa nyuma na kujenga mrija kama kawaida! Yaani mfuasi hahitaji kusikia harufu. Anavutwa tu. Kiongozi anatambaa, anavuta, wale wa nyuma wanateleza wanajipanga mmoja mmoja kama wale watoto wa madrasa. Ukimuondoa kiongozi kwa leza tawi linalegea.

Kuhusu mrija upi uwe mnene upi mwembamba ntapita haraka, maana majina ni mengi na hayatakusaidia saa hizi. Jua tu kwamba Branchless inasema "njooni huku" ila haisemi "mkifika muwe nini". Hilo linasemwa na taarifa nyingine zinazotoka sehemu tofauti za kiinitete, Dpp inawafikia wa juu na wa chini inawaambia jipangeni mmoja mmoja muwe vimrija vyembamba, na Wingless inawafikia wa katikati inawawashia jeni inaitwa Spalt inayowakataza kufanya hivyo, kwa hiyo wanabaki wengi kuzunguka mrija mmoja, ndo lile bomba kuu nene linalopita mgongoni, moja kila upande, kutoka mbele mpaka nyuma. Kwenye ncha za matawi kuna seli maalumu za kuunganisha, zinakutana na za kifuko cha jirani, zinashikana, zinatoboa, vifuko ishirini vinakuwa mtandao mmoja. Ndani mrija unajaa kwanza maji na nyuzi za kaitini (ile dutu ya ganda la mdudu) zinazousaidia upate unene sawa sawa, halafu yanasafishwa, na muda mfupi kabla ya funza kutoka maji yanafyonzwa hewa inaingia. Ule mng'ao wa fedha uliouona kwa mende ndo huo, ni hewa ndani ya mrija inarudisha mwanga. Mirija ikijaa maji mng'ao unapotea, na hilo hata ticha wako anaweza asiwe amekwambia.

Bado kuna ncha kabisa, na huku mambo yanabadilika. Mpaka hapa nilipofika kila kiinitete cha inzi kinafanana na mwenzake, tawi moja moja, mahali pale pale. Lakini kwenye ncha kuna seli moja moja inaota vijitawi vyembamba kuliko mikromita moja (milimita ukiigawa mara elfu), na tundu la hewa linapita NDANI ya seli yenyewe, sio katikati ya seli na seli, kama mtu aliyetobolewa handaki kutoka kiganjani mpaka begani. Hivi vijitawi havifanani kwa mdudu yeyote na mwenzake. Na nani anaviita? Ni Branchless tena! Ile ile. Ila sasa funza katoka kwenye yai, na wanaoitoa ni seli za mwilini zenye njaa ya oksijeni. Msuli ukikosa hewa unatoa Branchless, kijitawi kinasikia kinaelekea huko, kikifika kinaleta hewa, msuli umeshiba unanyamaza. Mwaka 1999 Jarecki na wenzake walilea funza kwenye hewa yenye oksijeni kidogo wakapata vijitawi vingi zaidi, kwenye oksijeni nyingi vikapungua. Mfumo wa seli kujua hewa imepungua ni ndugu wa ule uliowapatia kina Semenza, Ratcliffe na Kaelin Nobeli ya tiba 2019, na sisi binadamu tunao.

Sprouty inaingia hapo kama breki. Branchless yenyewe inapowasha seli ya mbele inawasha pia Sprouty, na Sprouty inazuia taarifa isisambae sana kwa wafuasi, la sivyo kila mfuasi naye anajiona kiongozi anaanza kuota matawi yake. Kina Nir Hacohen walilionyesha 1998.

Nilikuahidi panya. Branchless ipo kwenye familia ya protini zinazoitwa FGF, na kwenye mapafu ya panya kuna ndugu yake, FGF10, anatolewa na seli za nje ya chipukizi la pafu na chipukizi linamfuata. Mwaka 1998 walipata panya wasio na FGF10, koo la hewa lipo, mapafu hakuna kabisa, wanakufa mara tu wakizaliwa. Ukiangalia pafu na trakea za mdudu ni vitu tofauti kabisa, na kwenye pafu seli kweli zinagawanyika kwa wingi, hapo rafiki yako amepata haki yake, lakini lugha ya kuitana ni ile ile. Ndo maana watu wanakaa na inzi wanasomea pafu.

Na nikutajie kidogo mambo ya nyumbani, maana wakati mwingine vijana mnauliza haya ya inzi yana faida gani. Mbu ana trakea hizi hizi, kiluwiluwi cha mbu wa vyooni kinaning'inia kichwa chini kimetoa bomba lake la pumzi juu ya maji. Ndo sababu ya wazee kumwaga mafuta ya taa kwenye madimbwi, hewa inazibwa. Kule Makunduchi Unguja miaka ya themanini walimwaga punje za polistairini (ile foamu nyeupe nyepesi) kwenye vyoo vya shimo zikaelea juu zikafunika maji, viluwiluwi vikakosa pa kupumulia. Hakuna sumu hata tone.

Kingine cha mtihani, mirija ya Malpighi, ile ya kutoa taka mwilini, iliyomo kwenye huyo huyo mende uliyempasua, imepewa jina la Marcello Malpighi wa Italia, na ni yeye aliyezieleza trakea kwa makini alipompasua nondo wa hariri, akaandika 1669. Akachora mirija ya hewa ilivyosambaa, ila namna inavyosambaa ilibidi isubiri miaka zaidi ya mia tatu.

Ukitaka kuiona mwenyewe huhitaji mashine kubwa. Weka ndizi iliyoiva sana kwenye chupa ya maji iliyokatwa, iache karibu na jiko siku mbili inzi waingie watage, wafukuze, funika na kitambaa chembamba. Baada ya siku tatu nne utaona funza wadogo weupe wanapanda ukutani mwa chupa. Chukua mmoja kwa brashi, muweke kwenye friji dakika chache atulie, halafu kwenye kioo na tone la maji ya chumvi kidogo, usimkandamize. Hata hadubini ya shule ya zamani kwa ukuzaji mdogo kabisa inatosha, ngozi yake inapitisha mwanga. Utaona mabomba mawili ya fedha yanapita sambamba mgongoni kutoka mkiani mpaka karibu na kichwa, na vitawi vinashuka pembeni kwa mpangilio. Hesabu wapi vinatoka upande wa kulia na wa kushoto, utakuta vinafanana. Halafu fuata kimoja mpaka kwenye ncha uchore, fanya hivyo kwa funza watatu, huko kwenye ncha hutapata wawili wanaofanana. Ukichora niletee nione.